Madirisha ya luva kwenye pembetatu ya paa: uzoefu wangu

Nyumba yetu ya Kigamboni ina paa la bati la pande mbili, na kila mwisho ukuta unapanda pembetatu mpaka chini ya kofia ya paa, pale pande mbili za bati zinapokutana juu. Aliyejenga aliziba pembetatu zote mbili kwa tofali. Mwaka jana tukatoboa kila moja katikati, fundi akamwaga lenta fupi (boriti ya zege) juu ya tundu, tukaweka madirisha ya luva za aluminiamu, yaani vibao vyembamba vya kulala vinavyopitisha hewa, tuliyoagiza kwenye karakana moja ya mjini.

Dirisha lenyewe sina neno nalo. Luva zimelala kuelekea nje na zimepishana vizuri, ukisimama uani huoni chochote cha darini. Nyuma yake kuna wavu mgumu wa matundu madogo. Msikubali kufungiwa bila wavu, popo watawatangulia kuhamia.

Tofauti niliisikia kwenye joto. Bati likichemka mchana, hewa ya moto ilikuwa inajazana juu ya dari ya jipsamu, halafu usiku kucha feni inatuzungushia joto lile lile. Nyumba imekaa kusini-kaskazini, kwa hiyo kusi ikivuma inaingia huku na kutokea kule. Wakati wa kaskazi inakuwa kinyume chake. Sisemi nimepata kiyoyozi, Dar ni Dar. Ila chumba cha watoto, ambacho zamani hakilaliki mpaka usiku wa manane, sasa wanalala mapema na shuka wanajifunika. Ukiweka upande mmoja tu, hewa haina pa kutokea, umeharibu hela.

Jirani kaweka kioo kisichofunguka. Kinapendeza ukiwa barabarani, lakini dari yake imefungwa, mwanga unawamulikia panya tu.

Shida yangu ni ufungaji. Vijana wa karakana waliacha kizingiti cha chini bapa na silikoni wakapaka kwa kubania. Masika ya kwanza, mvua ya upepo ikapenya, jipsamu ya korido ikapata doa kama la chai. Fundi wetu wa plasta ndiye aliyekuja kukipa kizingiti mteremko kwa nje, kwa pesa yangu. Na skrubu walizotumia ni za chuma cha kawaida: kwa upepo huu wa chumvi zimeshapata kutu, imechirizika mistari ya kahawia kwenye rangi. Dai skrubu za stenlesi kabla hujalipa.

Dirisha nalipatia nyota nne. Wafungaji mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu waliwahi siku waliyoahidi.