Mita ya elfu kumi na nne: miezi minne kwenye sola ya banda la kuku

Nianze na bei ya mita yangu ya kupimia umeme, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 14,000, Kariakoo upande wa Gerezani, baada ya muuzaji kuanzia 20,000 na mimi kujifanya naondoka. Ni ile mita ndogo ya njano, DT-830D, iliyotundikwa karibu kila duka la vifaa vya umeme. Viwanda kibao vinaitoa kwa sura ileile. Muuzaji aliniuliza, "Mama, unamnunulia fundi?" Nikamjibu fundi ni mimi. Siku hiyo ulikuwa uongo.

Nafuga kuku wa mayai Mkuranga. Kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 16 kwa siku, na jua la huku linatoa kama 12. Zinazobaki najazia kwa taa sita za LED, wati 5 kila moja, zinazokula betri ya volti 12 iliyoko nyumbani. Banda liko mita 18 kutoka hapo, nyuma ya mwembe. Tangu mwanzo wa mwaka taa zikawa zinawaka kivivu, unamwona kuku lakini humjui ni yupi. Kijana aliyenifungia sola akaja, akaigonga betri kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, akasema imekufa, mpya ni 380,000. Nikamwomba siku mbili.

Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyenionyesha: swichi izungushwe hadi 20 upande wa volti zenye alama ya mstari mnyoofu, waya mweusi tundu la chini, mwekundu tundu la kati. Kwenye betri, taa zimezimwa, 12.51. Taa zote zimewashwa, 12.38.

"Shangazi, hii haijafa."

Akanieleza kwamba betri nayo ina ukinzani wake tumboni, yaani kinachouzuia umeme kupita, na unakua kadiri inavyochoka, ndiyo maana betri mbovu hujidai mzima ikipumzika kisha huporomoka ukiitwisha mzigo. Yangu ilishuka kidogo tu. Tukachukua tochi tukaenda bandani, tukapima pale taa zilipofungwa: 10.72. Volti 1.66 zilikuwa zimepotelea chini ya mwembe.

Kumbe kijana alikuwa amenitandikia waya wa spika. Nilitaka kujua una ukinzani kiasi gani, nikazungusha swichi hadi omu 200, maana ukinzani hupimwa kwa omu, nikagusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Ikasoma 0.7! Yaani waya zake, nyembamba kama nyuzi za cherehani, zina ukinzani wa kutosha kuharibu kipimo chochote kidogo. Kutafuta sehemu ya omu kwa mita hii ni kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia.

Lakini ina njia ya mzunguko, na kwa hiyo njia naisifu. Unapima mkondo, yaani kiasi cha umeme unaopita, kisha unagawanya volti zilizopotea kwa huo mkondo. Mkondo haupimwi kwa kugusa nguzo mbili za betri. Unakata njia, unaiingiza mita katikati ili umeme wote upite ndani yake, na waya mwekundu unauhamishia tundu la ampea 10. Tukapata ampea 2.02. Volti 1.66 gawanya kwa 2.02 ni omu 0.82. Mtoto wa kaka yangu akahakiki kwa hesabu ya darasani: shaba ya urefu wa mita moja na unene wa milimita mraba moja ina omu 0.0172, waya wetu ni wa 0.75, urefu 18. Akapata 0.41, nusu kamili. Tukabaki tunatazamana mpaka nikauliza, "Na waya wa kurudi?" Mita 36, bila shaka. Umeme unakwenda na kurudi. Shuleni wanawafundisha kwa mfano wa maji kwenye bomba, na mfano wenyewe si mbaya, ila ukikata bomba maji yanamwagika. Ukikata waya hakuna kinachomwagika, kila kitu kinasimama.

Nikanunua waya wa milimita mraba 4, mita 36, shilingi 108,000. Bandani sasa nasoma 11.97. Kilichonishangaza, ampea zilipanda, kutoka 2.02 hadi 2.45. Nilidhani waya mnene utabana matumizi! Taa zilikuwa zinapata wati kama 22 tu kati ya 30 zinazotaka, na nyingine tatu na ushee zilikuwa zinapasha waya joto bure.

Sasa lawama. Tundu la ampea 10 halina fyuzi. Limeandikwa hivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi za sisimizi. Wiki ya pili nilipima mkondo, nikasahau kuurudisha waya mwekundu tundu la kati, asubuhi nikaenda kupima volti za betri. Waya mwekundu ukiwa tundu la ampea, mita ni kama kipande cha waya mtupu, haina ukinzani wa maana, kwa hiyo nilikuwa napiga shoti betri ya ampea-saa 100 kwa mikono yangu. Cheche, moshi, ganda la waya likayeyuka likaniachia kovu kwenye kidole cha shahada. Kosa langu, ndiyo. Lakini fyuzi ni kitu cha bei gani? Waya mpya, 3,000. Na kwa sababu hiyohiyo sijawahi kuigusisha umeme wa nyumba wa volti 230, hata kama imeandikwa inaweza.

La pili: haijizimi. Ukisahau swichi, betri yake ndogo ya volti 9 inakwisha, na ikikaribia kwisha mita haikai kimya, inaongeza chumvi. Mwezi wa tatu ilinisomea volti 15.1 saa tatu usiku, jua limeshazama, nikafurahi nikidhani betri yangu imekuwa shujaa. Siku hizi namba zikiwa nzuri mno nabadilisha kwanza kale kabetri.

Nyota tatu na nusu. Nusu imeondoka na ngozi ya kidole changu, moja na fyuzi isiyokuwepo.

Inaning'inia kwenye msumari juu ya gunia la pumba. Juzi yule kijana alikuja kuiazima, ana mteja mwingine ambaye betri yake "imekufa". Nimempa, baada ya kuhakikisha waya mwekundu uko tundu la kati.