Les Misérables, Sondheim Theatre, London: mama yangu na mtoto wa fagio

Nje ya ukumbi, pale Shaftesbury Avenue, pana picha kubwa ya mtoto wa kike: nywele timtim, macho yamemtoka, nyuma yake bendera ya Ufaransa inapepea. Tukiwa kwenye foleni mama akaikazia macho. "Huyu katoka kuugua," akasema. Nikamwambia ndiye Cosette, mtoto wa kwenye hadithi, na mchoro wenyewe ni wa Émile Bayard, aliyeichorea riwaya ya Victor Hugo ya 1862. Kwenye mchoro kamili mtoto ameshika fagio lililomzidi kimo. Mama akatikisa kichwa. "Nyumba hiyo haina watu wazima?"

Naanza na picha kwa sababu ndiyo iliyotuletea kesi baadaye.

Kwanza tiketi. Nilinunua kwenye mtandao ambao sitautaja. Bei ya ukurasa wa kwanza siyo bei ya ukurasa wa mwisho, ada inapanda juu ya ada, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba viti vile viko juu kabisa, karibu na dari. Majumba haya ya maonyesho ya London ni ya zamani, hili lilifunguliwa 1907, na waliyajenga kwa watu wenye magoti mazima. Mama ana miaka 68. Alipanda akihesabu ngazi kwa sauti, mpaka akaacha kuhesabu akaanza kumtaja Mungu. Ukimpeleka mzazi, jibane kwingine ukate tiketi ya chini.

Kiingereza cha mama ni cha dukani, na mchezo huu unaimbwa mwanzo mwisho, hata salamu inaimbwa. Kwa hiyo kwenye treni kutoka Luton nilimsimulia yote. Valjean kaiba mkate, kafungwa miaka 19 kwa wizi huo na kwa kujaribu kutoroka. Anatoka, anabadili jina, anakuwa tajiri na mtu mwema, lakini askari Javert hamwachi. Fantine, mama wa watu, anafukuzwa kazi, anaugua, anakufa akimwachia Valjean amlelee mtoto wake Cosette, aliyekuwa amewekwa kwa wenye nyumba ya wageni. Mtoto anakua, anapendwa na kijana Marius, vijana wa Paris wanaweka vizuizi barabarani, Juni 1832, wanakufa karibu wote. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Filamu ya Kihindi hiyo," akasema, na sikuona cha kubisha.

Uimbaji ni wa hali ya juu, sitarefusha. Valjean alipoimba ile dua ya kumwombea Marius arudi nyumbani salama, sauti ikapanda nyembamba kama uzi na ukumbi mzima ukaacha kukohoa. Mama alikuwa amekwishalowesha ncha ya mtandio. Jukwaa la siku hizi halizunguki tena kama lilivyokuwa likizunguka tangu mchezo ulipofunguliwa London 1985. Sasa nyuma wanarusha picha zinazofuata michoro ya Hugo mwenyewe, mawingu meusi na mifereji ya maji machafu. Wapo wanaolilia lile la kuzunguka. Mimi sikulikuta, kwa hiyo silii.

Sasa mtoto. Taa zikapungua, akatoka mtoto mwenyewe na fagio lake, na alikuwa mtoto mweusi. Mweusi kama sisi. Mama akanifinya mkono. "Mbona picha ya nje ni Mzungu?" Nikamwambia watoto hupokezana usiku kwa usiku, na hapa hawachagui kwa rangi. Akanyamaza, lakini nilimwona kasogea mbele ya kiti.

Tazameni alichokiona. Mke wa mwenye nyumba ya wageni, Mzungu, anamkaripia yule mtoto. Binti yake mwenyewe, Mzungu pia, kavalishwa kofia ya buluu, anasifiwa kwamba kapendeza. Mtoto mweusi anafagia, kisha anatumwa usiku akachote maji msituni. Kila mtu aliyekulia kwetu anaijua nyumba hiyo. Ni nyumba yenye hausigeli aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, watoto wa nyumbani wana sare, yeye ana ndoo. Mama hakuhitaji Kiingereza pale. Alitoa ule mguno wa kooni ninaoujua tangu utoto.

Kisha Valjean anakuja kumchukua. Ni tendo la upendo, ametoa ahadi kwa Fantine akiwa kitandani anakufa. Lakini wenye nyumba wanataka pesa, anazihesabu, faranga 1,500, na mtoto anasubiri pembeni. Valjean wa usiku ule alikuwa Mzungu. Mzungu anahesabu pesa, Mzungu mwingine anapokea, mtoto mweusi anaondoka ameshikwa mkono. Mama akaniinamia sikioni. "Amemnunua?"

Sisi ni watu wa Pangani. Misafara ilishukia pale, ya pembe na ya watu, na mama alilelewa na bibi aliyekuwa akizijua hadithi hizo kwa majina. Sikuwa na jibu la kunong'ona kwa haraka. Karibu nasi watu walikuwa wanacheka, maana tukio lile limetungwa la kuchekesha, wenye nyumba wanaigiza majonzi ili waongezwe pesa. Mama hakucheka, na mimi kicheko kilinikauka.

Sisemi mtoto yule asipewe nafasi. Aliimba wimbo wake wa ngome ya mawinguni kwa utulivu ambao mtu mzima angeuonea wivu, na nafasi ile ni yake. Nasema kwamba ukiwapanga waigizaji bila kutazama rangi, aliyekaa kitini anaitazama tu, hana namna. Mwongozaji akiwa kafumba macho, picha inajichora yenyewe nyuma yake. Angeyafumbua angeweza kufanya jambo dogo sana: pesa zihesabiwe mtoto akiwa ameshapakatwa, au aonekane kwanza anacheka na Valjean. Nusu dakika tu.

Baadaye miaka kadhaa inapita, wako Paris, na Cosette anatoka amekuwa mwanamwali. Mzungu, nywele za dhahabu, sauti kama filimbi. Mama akamwangalia, akaniangalia, akarudi kumwangalia.

"Kajichubua?"

Nilicheka mpaka bwana wa kiti cha mbele akageuka. Nikamweleza tena, mama, nafasi wanapewa wanaoziweza, rangi haihesabiwi. Akafikiri. "Basi wangetuambia mapema," akasema, "tusingehangaika na mkorogo."

Ajabu ni kwamba mie mwenyewe nimekulia kwenye mambo haya. Sekondari, Tanga, tuliigiza Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Shailoki wetu, yule mkopeshaji, alikuwa kijana wa Kidigo, ndevu za pamba zimebandikwa kwa uji wa ngano, zikawa zinadondoka moja moja kila alipodai ratili yake ya nyama. Mkuu wa Venisi alivaa shuka la bweni. Hakuna aliyeuliza Wadigo walifikaje Venisi. Lakini kwetu wote tulikuwa rangi moja, hakuna aliyenyang'anywa tonge, na malipo yetu yalikuwa soda. Huku nafasi ni mshahara, na ni kodi ya nyumba.

Watunzi wa mchezo huu, Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, ndio waliotunga pia Miss Saigon, na mtayarishaji wa London ni yuleyule, Cameron Mackintosh. Mchezo ule ulipofunguliwa 1989, mhusika anayeitwa Mhandisi, chotara wa Kivietnam na Kifaransa, alipewa Jonathan Pryce, Mzungu wa Wales, akabandikwa vibandiko vya macho na kupakwa rangi. Mwaka 1990 ulipotaka kuvuka kwenda New York, chama cha waigizaji cha Marekani kikamkataa. Mackintosh akafuta onyesho zima. Siku chache tu, chama kikalegea, Pryce akacheza na mwaka 1991 akapata Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani. Hoja ya waliomtetea ilikuwa hii hii niliyompa mama kwenye giza: anayeiweza ndiye apewe. Nikiikumbuka kesi ile naona aibu kidogo kwa wepesi nilioitoa nao. Waigizaji wenye asili ya Asia walikuwa hawapewi nafasi za Wazungu, na nafasi yao moja kubwa ilipopatikana, ndipo watu wakakumbuka kwamba rangi haihesabiwi.

Mlango ulifunguka upande wa pili pia, tuseme ukweli. Lea Salonga, Mfilipino aliyekuwa Kim, mhusika mkuu wa kike katika Miss Saigon, na kupata Tony yake usiku uleule wa Pryce, mwaka 1993 alicheza Éponine wa Les Misérables, yule binti wa kofia ya buluu akiwa mkubwa, Broadway, New York. Mwaka 2010, kwenye tamasha la miaka 25 ya mchezo huu pale O2, ukumbi wa London, alikuwa Fantine, na Javert alikuwa Norm Lewis, Mmarekani mweusi. Rekodi ile ndiyo iliyonitia kwenye ugonjwa huu. Kuna mahali Javert na Valjean wanagombana kwa nyimbo mbili zinazopandana, na Javert anafichua kwamba na yeye alizaliwa gerezani, katoka kwenye uchafu uleule. Maneno yale, yakitoka kinywani mwa Lewis, mbele ya Alfie Boe ambaye ni Mzungu, yalipata uzito mwingine. Ukaona mtu aliyejibana ndani ya sheria kwa sababu anajua wengine hawatamhurumia akiteleza hata mara moja. Nilirudisha nyuma mara tatu. Javert tuliyemwona na mama alikuwa na sauti nzito nzuri sana, ila mstari ule ulipita kama mistari mingine.

Mtaniuliza na Hamilton je, ule mchezo wa nyimbo wa Lin-Manuel Miranda, uliofunguliwa London Desemba 2017 pale Victoria Palace. Niliuona peke yangu, kabla mama hajaja. Pale waasisi wa Marekani wanachezwa na weusi na machotara kwa makusudi, na Mfalme wa Uingereza kwa kawaida ni Mzungu, na utani wote unategemea wewe uone rangi. Kwa hiyo sipendi watu wanapoiweka michezo hii miwili kwenye kapu moja. Kule rangi imetiwa kama chumvi, imepimwa. Huku imedondokea chunguni, mara inakoleza, mara inazidi.

Nyota nne kwa tano. Ningetoa tano kama si zile faranga 1,500. Nendeni onyesho la mchana, mnarudi nyumbani na treni zipo. Msimulieni mzazi hadithi kabla, msiitegemee minong'ono. Bebeni maji na leso ya ziada.

Kwenye treni ya kurudi mama akatoa simu akamrekodia mamdogo Pangani ujumbe wa sauti, dakika sita nzima, behewa zima likisikiliza Kiswahili. Akasimulia mkate, gereza, yule askari. Akafika kwa mtoto. "Basi yule mtoto mweusi wa fagio," akasema, "yule baba akamlea vizuri, akakua, akawa mzuri huyo, akaolewa na kijana wa Kizungu mwenye mali."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Akaninyooshea kidole ninyamaze, hajamaliza harusi.