Kibindo cha jinzi cha elfu nane, baada ya miezi saba ya Mbagala–Kariakoo

Mimi nauza mitumba ya watoto hapa Mbagala Rangi Tatu. Siku tatu kwa wiki natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mabalo ya nguo soko la Karume, karibu na Kariakoo, maana balo likifunguliwa wewe hujafika, wajanja wanachambua, unaachiwa soksi zisizo na wenzao. Na safari zote hizo natembea na pesa taslimu. Najua mtasema siku hizi kuna simu. Simu ina makato, na ninayenunua kwake ukimwambia unarusha kwa simu anakujibu, "Weka na ya kutolea, mama." Hiyo ya kutolea ndiyo faida yangu ya magauni mawili.

Nilianza na lile begi la mgongoni la kuzuia wezi. Mnalijua: jeusi, gumu kama gamba la kasa, zipu zimefichwa upande unaolala mgongoni, na tundu la kuchajia simu juu. Elfu thelathini na tano, Kariakoo, baada ya kuombana sana. Muuzaji alinionyesha video mtu analikata kwa wembe na wembe haupiti.

Wembe sikuwahi kuujaribu. Tatizo lilianza na konda. Kwenye daladala ya asubuhi begi la mgongoni linahesabika kama abiria asiyelipa: "Anti, shusha begi, watu wapande!" Ukilishusha ukalishika mkononi, zile zipu zilizokuwa zimejificha mgongoni sasa zinawatazama watu. Ukilivaa kifuani umetangaza, maana kibaka hana haja tena ya kubahatisha nani kabeba hela. Mwishowe simu yangu ilitoka kwenye kimfuko cha pembeni, ambacho waliotengeneza walikiwekea zipu ya kawaida kabisa, na mimi kwa uzembe wangu nikaiweka humo. Begi lenyewe zima, halina hata mkwaruzo. Mwanangu wa darasa la sita anabebea madaftari, analipenda.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu wa Rufiji. Pesa zake zilikaa kwenye pindo la khanga, fundo moja, limechomekwa kiunoni. Alikuwa akipanda basi la kuja Dar na hela ya nazi ya msimu mzima, akasinzia njia nzima. Waliosema hamadi kibindoni hawakusema hamadi begini.

Fundi niliyemwendea ana cherehani barazani, mtaa wa nyuma. Nilimpelekea suruali ya jinzi iliyokataa kuuzika, akakata mguu mmoja, akaniuliza, "Unataka cha kuvaa au cha kuonyesha?" Nikamwambia cha kuvaa, kisionekane hata na mume wangu. Akashona kibindo bapa, kipana kuliko kiganja changu kwa vidole viwili, jinzi mbili, moja juu ya nyingine, zipu moja upande unaogusa mwili, na mkanda wa lastiki. Kinavaliwa juu ya skintaiti, chini ya dera. Noti 42 za elfu kumi, ukizikunja mara moja, zinalala humo wala hutambui kuna kitu. Elfu nane pamoja na lastiki. Jinzi ilikuwa yangu.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo sikulipanga.

Jumamosi ya mwezi wa tatu, kituoni Rangi Tatu, saa kumi na moja na nusu. Gari limeingia, watu wameligombania kama kawaida, vijana wawili wamepitia dirishani. Mimi nimefika mlangoni, mguu mmoja uko kwenye ngazi, na aliye mbele yangu akasimama ghafla. "Jamani subirini, nimeangusha mia mbili." Akainama palepale mlangoni. Nyuma watu wanasukuma. Na aliyenibana kwa nyuma alikuwa na sweta, limekunjwa juu ya mkono. Sweta, Dar es Salaam, mwezi wa tatu! Nililiona na sikulitilia maanani. Nikasikia kitu kama ukucha unapita nyongani, basi. Mwenye mia mbili akainuka, akasema gari limejaa, akashuka. Mwenye sweta naye hakupanda. Konda akapiga bodi, tukaondoka.

Tulipofika Mtoni kwa Azizi Ally nikashusha mkono kuweka dera sawa, kidole kikapenya kikatokeza upande wa pili. Mkato wa urefu wa kidole cha kati, umenyooka kama fundi alipiga chaki kwanza. Nilikaa kimya mpaka Kariakoo, jasho linanitoka, naogopa kuangalia. Nilikwenda kuangalia chooni sokoni. Jinzi ya nje imekatika, nyuzi nyeupe zimechungulia. Jinzi ya ndani ina mstari mweupe tu. Laki nne na ishirini ilikuwepo yote, nilihesabu mara tatu. Dera la elfu kumi na nane ndilo lililokufa.

Nilichojiuliza siku nzima ni kwamba walijuaje. Haikuonekana, na nilikuwa nimevaa mtandio mpana juu yake. Jibu nilipewa na mama mmoja anayeuza chai kituoni, ambaye anawaona hao vijana kila siku. "Mwanangu, wewe mwenyewe unawaonyesha. Kila ukitembea hatua tatu unajishika kiuno." Kumbe nilikuwa nakipapasa! Mtu mwenye hela anakwenda kuhakikisha hela, na wale kazi yao ni kusimama pale kutazama mikono inakwenda wapi. Tangu siku hiyo nikishavaa ndani ya nyumba, mkono haurudi huko mpaka sokoni. Nauli natoka nayo imeshikwa kiganjani, kamili, ili nisiwe na sababu ya kufungua kitu chochote mbele za watu. Wiki ya kwanza ni mateso, mkono unawasha. Halafu unazoea.

Kasoro zake nizitaje, maana nimeona watu wanasifia vitu kana kwamba wamelipwa.

Jasho. Kwa joto la huku, mpaka saa nne noti zimelowa, na kuna siku muuza balo alizishika kwa ncha za vidole kana kwamba namlipa kwa samaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nimetumia pakiti ya maziwa, nimeifungua upande mmoja, nikaiosha kwa sabuni, nikaikausha. Inafanya kazi, ila ukiinama inalia kama mtu anakula bisi.

Zipu. Fundi aliweka ya chuma, mwezi wa nne ikaanza kuota kutu kwa chumvi ya jasho, ikawa inakwama. Kukwama zipu ukiwa umepandisha dera nyuma ya turubai la mtu, na balo linafunguliwa, sitaki kueleza. Hilo nalo la kutafuta pa kujificha kila ukitaka kulipa ni usumbufu. Mimi nina mwenye meza mmoja ananiachia nafasi nyuma yake. Mgeni hana.

Na simu haiingii, simu za sasa pana kama kigae. Kwa hiyo natembea na kitochi chenye laini, smatifoni inabaki nyumbani. Kama wewe lazima utembee nayo, kibindo hiki hakitakusaidia, na kama unakaa dirishani foleni ya Kilwa Road huku unachati, hakuna fundi wa kukusaidia, mkono wa nje unafika ndani haraka kuliko unavyodhani. Angalau bonyeza *#06# leo, itokee namba ya utambulisho wa simu (IMEI), uiandike mahali pasipo ndani ya simu hiyohiyo. Mimi ya ile simu iliyotoka begini sikuwa nayo, na polisi ndicho kitu cha kwanza walichoniuliza.

Jirani yangu muuza viatu naye alishonewa, anakivaa chini ya fulana. Kinamfanya aonekane ana kitambi. Anasema wateja wamezidisha heshima.

Nimeagiza cha pili. Zipu ya plastiki, lastiki pana zaidi maana hii nyembamba inaacha alama, na jinzi tatu upande wa nje. Nikamwomba na bitana ya pamba upande wa mwili. Fundi akavua miwani, akanitazama, akasema kwa bitana itakuwa elfu kumi na mbili. Nikamwambia kumi. Akaivaa miwani yake, akaendelea kukanyaga cherehani. Narudi Alhamisi.