Ziara ya shamba la mwani Jambiani: wakulima wenyewe wanapoeleza kazi yao

Wageni wengi wanaofika pwani ya mashariki ya Unguja huwaona wanawake wakiwa wameinama majini wakati wa maji kupwa, wakawapiga picha kwa mbali, kisha wakarudi hotelini bila kujua kinachofanyika pale. Kikundi kimoja cha wakulima wa mwani wa Jambiani kimeanzisha huduma ya kuwapokea wageni kwa ada, kuwapeleka shambani, kuwaonesha karakana ya sabuni na kuwauzia bidhaa zao. Nimeitumia huduma hiyo kama mteja wa kawaida, nami ninaitathmini hapa hasa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa sehemu yake iliyo bora kuliko zote, yaani mazungumzo na wakulima, ndiyo ambayo sisi tunaweza kuifaidi zaidi ya mgeni mwingine yeyote.

Ziara huanzia ufukweni kwa maelezo mafupi ya historia. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na mwani mkavu husafirishwa nje ya nchi ili utolewe karajinani, ute unaotumiwa kuifanya dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi viwe vizito. Baada ya hapo wageni huvaa viatu vya plastiki, ambavyo ni lazima kwa sababu ya mawe na viumbe wenye miiba, na kuteremka shambani.

Shamba lenyewe ni safu za kamba zenye urefu wa mita nne au tano, kila moja ikiwa imevutwa kati ya vigingi viwili vilivyopigiliwa mchangani. Mkulima aliyetupokea, mama wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni na kuvaa kofia ya ukili, alichukua kitawi cha mwani kisichozidi ngumi, akakizungushia taitai, yaani uzi mfupi wa kufungia, iliyokuwa tayari kwenye kamba, akavuta mara moja, kisha akasogea shubiri moja mbele na kurudia. Alitueleza kwamba fundo likilegea mkondo huichukua mbegu, na likikazwa kupita kiasi shina hukatika. Vidole vyake vilikuwa na nyufa nyeupe kwenye maungio, na tulipomuuliza kama vinamuuma alijibu kuwa vinauma jioni, chumvi inapokauka, si wakati wa kazi.

Hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Wakulima wanazungumzia kazi yao bila kuipamba, na hawasemi jambo moja. Mama huyo aliipenda kazi yake waziwazi, na sababu aliyoitaja kwanza ilikuwa fedha yake mwenyewe: kabla ya mwani alikuwa akimsubiri mume kwa kila kitu, na kwa mwani ameezeka nyumba kwa bati na kusomesha watoto. Alilifahamu shamba lake kwa namna ambayo iliniridhisha sana kuisikiliza. Alitambua alama za meno ya samaki aitwaye tasi kwenye ncha za mwani, alijua ni kamba zipi zitakuwa tayari kuvunwa bamvua lijalo, yaani zile siku za mwezi ambazo maji hupwa sana, na alieleza kuwa mwani huchukua takriban wiki sita tangu kufungwa hadi kuvunwa. Mwenzake aliyekuwa kamba za jirani, mtu mzima kumzidi, alisema kwamba amechoka. Alieleza maumivu ya mgongo, macho yanayowasha kwa mwanga wa jua unaorudishwa na maji, na uzito wa magunia ya mwani mbichi ambayo hubebwa hadi nchi kavu ili, baada ya kuanikwa, yabaki sehemu ndogo tu ya uzito ule. Asingependa mjukuu wake airithi kazi hii. Mama wa kwanza aliyasikia yote hayo na hakuyapinga, na kikundi kinastahili sifa kwa kuwaacha wanachama wake waseme hivyo mbele ya wateja wanaolipa.

Suala la bei na la joto la bahari lilijitokeza lenyewe katika mazungumzo. Wakulima walitofautisha aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini haivumilii maji yaliyopata joto, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikifa katika maji mafupi, hivyo wengi wamebaki na spinosamu ambayo mnunuzi huilipa kidogo. Kuihamishia kotonii kwenye maji ya kina kirefu kunahitaji vyombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivi hawakufundishwa kuogelea utotoni. Nilizisikia sababu hizo kwa watu ambao kipato chao kinazitegemea, na sidhani kama bango lolote la maelezo lingeweza kuzieleza vizuri kiasi hicho.

Karakana ni chumba safi chenye meza ndefu, ambamo mwani mkavu husagwa kuwa unga na kuchanganywa na mafuta ya nazi, kisha sabuni huachwa kwenye rafu kwa wiki kadhaa ili ikauke na kukomaa. Mafundi wake wengi waliwahi kulima, na mmoja alisema anaithamini kazi ya ndani kwa sababu anafika nyumbani mkavu na saa zake hazitegemei mwezi, ingawa anazikosa soga za shambani, kwa kuwa huku kila mtu yuko na mizani yake. Ukizingatia kwamba kipande kimoja cha sabuni huuzwa kwa bei inayozidi ile ya kilo nzima ya spinosamu kavu, unaelewa kwa nini wanachama wanataka karakana ipanuliwe.

Kuhusu sabuni yenyewe, nimenunua ya karafuu na ya mchaichai. Ya karafuu ni bora: povu lake ni la wastani, haikaushi ngozi, na harufu yake hudumu hadi kipande kinapokaribia kwisha. Ya mchaichai hupoteza harufu mapema na hulainika haraka ikiachwa kwenye sahani yenye maji. Lebo za zote mbili zinataja viambato, lakini hazina tarehe ya kutengenezwa, na maandishi yake ni ya Kiingereza peke yake. Bidhaa iliyotengenezwa na wanawake wa Jambiani inapaswa kusomeka na jirani zao.

Kasoro kubwa niliyoiona iko katika namna ziara inavyoendeshwa kunapokuwa na wageni wa lugha mbalimbali. Kijana anayetafsiri ni mchangamfu na anazifahamu takwimu zake, lakini hufupisha mno. Mama aliyechoka alizungumza kwa muda mrefu na kwa mpangilio kuhusu mgongo wake, bei na mjukuu wake, na tafsiri iliyotolewa ilikuwa kwamba kazi ni ngumu ila wanaipenda. Wageni wale waliondoka wakiamini jambo ambalo hakulisema. Nilimweleza kijana huyo pembeni, naye alipokea vizuri na kusema kwamba huhofia kuwahuzunisha wageni. Ninaiheshimu nia yake, lakini mtu aliyelipa ili amsikilize mkulima anastahili kupewa maneno ya mkulima, na mkulima anastahili zaidi kufikishiwa maneno yake yakiwa kamili.

Kwa anayepanga kwenda, ninapendekeza aombe ziara ya Kiswahili mapema, kwani ipo na ada yake kwa wenyeji ni nafuu, ila haitangazwi. Achague siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa kuwa siku nyingine maji hayapwi vya kutosha na ziara huishia karakanani. Avae kofia na nguo zinazofunika mabega, na awaulize wakulima kabla ya kuwapiga picha, kwa sababu baadhi yao hawapendi. Wakati wa masika ni vizuri kupiga simu kwanza, maana mvua ikitishia wote hukimbilia kuuanua mwani uliokwisha kuanikwa, na hapo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuzungumza na mgeni.