Fundi wa Bunduki Aliyeanza na Risasi Zilizogoma

Bunduki yangu ya .30-06, yenye bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu) ya mtindo wa Mauser, ilianza kugoma mwaka jana. Katika kila risasi tano, moja au mbili hazikulipuka. Ninaimiliki kwa leseni kwa ajili ya uwindaji, na risasi iliyogoma ni hatari kwa sababu inaweza kulipuka kwa kuchelewa; kila mara niliuelekeza mtutu mahali salama na kusubiri sekunde 30 kabla ya kugusa bolti.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hapa Mwanza aliishika bunduki kwa dakika chache, akasema risasi zimezeeka, akanishauri ninunue boksi jipya. Nilinunua, na bunduki ikagoma vilevile.

Fundi wa pili, ambaye ndiye tathmini hii inamhusu, alianza kwa kuomba kitabu changu cha leseni na kulinganisha namba iliyomo na ile iliyochongwa kwenye bunduki. Alihakikisha chemba (tundu inapokaa risasi kabla ya kupigwa) na magazini ni tupu, kisha akauliza swali ambalo mwenzake hakuliuliza: risasi zilizogoma ziko wapi? Kwa bahati nilikuwa nimezihifadhi nne. Alizisimamisha juu ya kitambaa cheupe, pembeni mwa maganda ya zilizolipuka, akanipa lenzi. Kwenye maganda, fataki, yaani kile kidude cha kwenye kitako kinachowasha baruti, ilikuwa na kishimo kirefu cha mviringo. Kwenye zilizogoma palikuwa na alama ndogo tu, kama ya ukucha kwenye sabuni, ingawa zote zilikuwa katikati kabisa.

“Mzee wangu, risasi hizi hazina kosa,” alisema. “Pini, kile chuma ndani ya bolti kinachoigonga fataki, inafika imechoka.”

Alipoifungua bolti, ndani mlikuwa na grisi ya zamani, ya kahawia, iliyonata kama utomvu wa fenesi. Grisi hiyo niliipaka mimi mwenyewe kwa kuhofia kutu ya unyevunyevu wa ziwa, nisijue kwamba inapoganda huipunguzia pini kasi. Alisafisha kwa petroli na brashi, akakausha, akapaka mafuta mepesi kiasi cha kung'arisha chuma tu. Springi ya pini, ilipowekwa sambamba na mpya, ilionekana wazi kuwa fupi, hivyo ikabadilishwa. Alipima pia chemba, kwa kuwa chemba iliyozidi kina huiacha risasi isogee mbele inapogongwa na pigo likapotea. Hiyo ilikuwa sawa. Mwishowe alijaribu maganda kumi yasiyo na baruti wala kichwa, yenye fataki peke yake, na zote kumi zililipuka.

Nililipa shilingi 85,000, bei ninayoiona ya haki. Sikuridhika na mambo mawili. Springi ilichukua wiki tatu kupatikana bila mimi kupewa taarifa hata mara moja, na risiti iliandikwa “matengenezo” tu, wakati mwenye silaha anahitaji kumbukumbu ya kila kifaa kilichobadilishwa. Nilipomweleza, aliniandikia orodha kamili kwa mkono na kuigonga muhuri, lakini haikupasa niiombe.

Tangu hapo nimepiga risasi 40 kwenye uwanja wa shabaha, za watengenezaji wawili tofauti, na hakuna hata moja iliyogoma. Bolti nitaipeleka kwake tena kusafishwa kabla ya msimu ujao wa uwindaji.