RemoteMaster: uzoefu wangu wa kuhamisha vifaa kutoka rimoti moja kwenda nyingine

Kama una rimoti ya One For All, ile ya kuendesha vifaa vya aina nyingi, yenye JP1, yaani zile pini sita za kuiunganisha na kompyuta zilizojificha pale betri zinapokaa, huna haja ya kuanza upya kitufe kwa kitufe kila ukinunua nyingine. RemoteMaster, programu ya kompyuta ya kupanga rimoti hizi, itakuondolea kazi hiyo. Ni ya bure, na kwa kuwa inatumia Java, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Utakachonunua ni kebo tu.

Rimoti yangu ya sebuleni ilishakamilika: televisheni, redio, na king'amuzi ambacho namba yake haimo kabisa katika orodha inayokuja na rimoti. Hicho king'amuzi ndicho nilichotaka kukipeleka kwenye rimoti ya mama, ambayo ni ya modeli nyingine. Nilianza kwa kuvuta mpangilio wa kila rimoti hadi kwenye kompyuta na kuuhifadhi. Hata uwe na haraka vipi, hatua hii usiiruke, maana ukipakia mpangilio mpya, wa zamani umeondoka. Kisha nikakifungua king'amuzi kwenye ukurasa wa vifaa, nikakihifadhi peke yake kama faili ya .rmdu, nikaiingiza kwenye mpangilio wa pili.

Hiyo .rmdu ndiyo inayonifanya niipende programu hii. Ifungue kwa Notepad uone: kuna SetupCode, yaani namba ya kifaa, kuna jina la protokali, yaani namna rimoti inavyotuma ishara kwa kifaa, halafu Function.0.name, Function.1.name, kila amri na msimbo wake, vyote vinasomeka. Haikufungwa kwenye modeli moja. Ukichagua rimoti nyingine, programu inajipanga upya kuifuata, na protokali ikiwa haimo ndani ya rimoti hiyo, inaambatanisha ile inayoendana na prosesa yake. Mimi sasa kila kifaa cha nyumbani nakitunzia faili yake.

Vitufe vinataka umakini. Rimoti ya mama haina vile vya rangi, na king'amuzi chetu kinatumia chekundu na kijani kwenye menyu. Amri zenyewe hazikupotea, zilibaki kwenye orodha zikisubiri kitufe. Nikaziburuta hadi kwenye vitufe ambavyo mama havigusi, basi.

Makro, yaani amri kadhaa zinazotumwa kwa kitufe kimoja, hazisafiri na kifaa, kwa sababu ni mali ya mpangilio mzima. Hizo utaziandika upya. Halafu rudi ukurasa wa mwanzo ukiunganishe kifaa na kitufe chake, SAT kwa mfano. Bila hivyo kifaa kitaonekana kwenye orodha lakini ukibonyeza hakuna kitu, na mtu anaweza kudhani faili imeharibika.

Na kabla ya kupakia, angalia kiasi cha kumbukumbu kilichobaki, hasa kwa rimoti za zamani, ambazo nafasi yao ni finyu mno. Ikiwa imejaa, ondoa kwanza kifaa ambacho hakitumiki tena nyumbani.