Duka la kompyuta zilizokarabatiwa Dodoma: nilichopata kwa shilingi 520,000

Nilinunua kompyuta mpakato katika duka moja lililo karibu na Nyerere Square, ambalo kibao chake kinatangaza vifaa "vilivyokarabatiwa kutoka Uingereza". Nilipewa chaja, begi na waranti ya miezi 3 iliyoandikwa kwa mkono nyuma ya risiti.

Kwa macho haikuwa na kasoro. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba kwa muuzaji ukarabati ulimaanisha kung'arisha kasha na kufuta mafaili ya mwenyewe wa kwanza, wala si kubadilisha kilichochoka. Betri ilikuwa ikiisha baada ya dakika 50. Nilipoandika amri ya powercfg /batteryreport, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe na huchukua sekunde chache tu, ripoti ilionyesha kwamba kati ya wati-saa 50 za kiwandani zilikuwa zimebaki 19. Laiti ningeiandika pale pale dukani, muuzaji akiwa anatazama.

Kilichoniudhi zaidi ni prosesa. Kompyuta ilikuwa imewekewa Windows 11 ilhali prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na kwa Windows 11 Microsoft kwa kawaida hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8; aliyeiweka alikwepa ukaguzi wa sharti hilo, na mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kuendelea kupata masasisho ya usalama. Kurudi Windows 10 nako hakusaidii sana, kwa kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayeandika tasnifu tu huenda akavumilia, lakini mimi natunza hesabu za watu.

Niliporudi, muuzaji alinijibu kwa upole, "Kaka, betri haimo kwenye waranti," na kweli karatasi haikuitaja. Alijitolea kuniwekea nyingine kwa shilingi 60,000, nayo ya mtumba vilevile, nikakataa. Nisimnyime haki yake: risiti ya EFD (mashine ya kodi) aliitoa bila kuombwa, na kwa simu anazouza humruhusu mteja abonyeze *#06# na kuhakiki namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu, kabla ya kulipa, desturi iliyozoeleka tangu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016. Kwa kompyuta hana utaratibu kama huo.

Ninampa nyota 2 kati ya 5. Huenda nikarudi kwake kununua skrini ya mezani, ambayo haina betri.